Ndege ya mita 62 ndani ya ukumbi: nisimame wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Chumbageni hapa Tanga. Mwezi ujao nakwenda Virginia, Marekani, kumtembelea dada yangu, na ameahidi kunipeleka kwenye jumba la makumbusho ya ndege lililo karibu na uwanja wa Dulles. Kamera yangu ina lenzi moja tu, ile ya zumu ya milimita 18-55. Dada alipokwenda yeye, picha zilitoka mabawa yamekatika, pua za ndege zimevimba na rangi yote ni njano. Je, ninunue lenzi pana zaidi? Nibebe na stendi ya miguu mitatu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Stendi iache nyumbani. Jumba hilo, la Steven F. Udvar-Hazy, ni la Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, na wao hawaruhusu wageni kutumia stendi bila kibali, wala zile fimbo za kujipigia picha. Lenzi nayo usinunue kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, dada yako aliponzwa na mahali aliposimama.

Chukua kalamu tupige hesabu. Sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, katika kamera nyingi za aina yako ina upana wa milimita 23.5 hivi. Gawanya kwa 18, unapata 1.3. Maana yake, lenzi ikiwa kwenye 18, kila mita moja unayorudi nyuma inakupa upana wa mita 1.3 ndani ya picha. Sasa, ndani ya jumba hilo imo Enola Gay, ile ndege ya kivita aina ya B-29 iliyodondosha bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mabawa yake yana mita 43 kutoka ncha hadi ncha. Kuyaingiza yote ukiwa mbele yake, lazima usimame mita 33 nyuma. Imo pia Concorde ya Air France, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, yenye urefu wa karibu mita 62; kuipiga ubavu mzima unahitaji mita 47 zisizo na kizuizi. Ukumbi mkubwa una urefu wa mita 300 na upana wa mita 75 hivi, lakini umejaa ndege, nyingine zimening'inizwa darini. Mita 47 tupu hutazipata.

Hapo ndipo watu hukimbilia dukani. Ni kweli kwamba lenzi ya milimita 10 itakuingizia Enola Gay kutoka mita 18 tu. Lakini ukaribu ule ule ndio unaovimbisha pua. Ukubwa wa kitu kwenye picha hufuata umbali wake kutoka kwako. SR-71 Blackbird, ndege ya upelelezi ambayo nayo imo humo, ina urefu wa karibu mita 33. Ukisimama mita 3 mbele ya pua, mkia uko mita 36, kwa hiyo pua inaonekana kubwa mara 12 kuliko inavyostahili ukilinganisha na mkia. Rudi hadi mita 20 na tofauti inashuka hadi mara mbili na nusu, ndege ikarudi kuwa ndege. Lenzi haina hatia hapo. Imeonyesha kile ambacho jicho lingekiona kutoka pale pale.

Usiniamini kwa maneno tu. Nenda Sahare maji yakiwa yametoka, utafute chombo kikubwa kilichopandishwa mchangani kwa matengenezo, uwaombe mafundi ruhusa. Simama hatua mbili kutoka kwenye omo (mbele ya chombo), lenzi kwenye 18, piga. Kisha rudi nyuma taratibu huku ukivuta zumu, ukihakikisha omo inabaki na ukubwa ule ule kwenye kioo, hadi ufike 55. Piga tena. Tazama tezi (nyuma ya chombo) katika picha zote mbili: katika ya kwanza imekimbia mbali na kuwa ndogo, katika ya pili imekusogelea. Omo haijabadilika hata kidogo. Zoezi hili nawapa vijana wote wanaokuja kujifunza kwangu, na sijaona linalofundisha haraka kuliko hilo. Lirudie pale stendi ya Kange kwa basi kubwa la mita 12, kwa idhini ya dereva, uzoee kukadiria mita kwa macho. Bandarini na stesheni ya reli usitoe kamera kabla ya kupata ruhusa.

Ukifika Virginia, usianzie chini. Ukiingia tu utajikuta kwenye sehemu ya juu, Blackbird iko chini mbele yako, na nyuma yake kwa mbali chombo cha anga za juu Discovery. Hiyo ni moja ya sehemu bora za jengo zima, watu wengi hupiga moja na kushuka. Wewe kaa. Kuna njia za juu kandokando ya ukumbi. Kutoka huko sakafu inakuwa mandhari yako, zile kamba za uzio na vichwa vya watu vinazama chini, na umbo la bawa linaonekana lote. Enola Gay yenyewe imeinuliwa juu ya vihimili na ndege ndogo zimepangwa chini yake, kwa hiyo mtu aliye sakafuni huona tumbo tu. Tafuta pembe ya mshazari, pua ikielekea kona moja ya picha na mkia kona ya pili. Enola Gay ikikaa hivyo inahitaji upana mdogo kuliko ikikutazama usoni, na bado urefu na mabawa vyote vinasomeka.

Kamera ishike ikitazama mbele sawasawa, bila kuiinamisha wala kuiinua sana, la sivyo nguzo za jengo zitaegemeana. Ni heri uache sakafu nyingi chini uikate baadaye.

Kuhusu mwanga. Weka ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 1600 hadi 3200, apecha (tundu la lenzi) f/5.6, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/60 au 1/30 ya sekunde, uegemee vyuma vya kando ya njia na kubana viwiko. Chembechembe kidogo za ISO ya juu zinavumilika. Picha iliyotikisika haitibiki. Kwa nini 1/60? Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, wetu ni 50, na baadhi ya taa hupepesa kwa kufuata mwendo huo. Ukipiga kwa 1/500 unaweza kupata michirizi ya giza au rangi inayobadilika picha kwa picha. Kwa ajili ya video, menyu za kamera nyingi zina sehemu ya kuchagua 50 au 60; ukiikuta, ibadilishe ukishatua.

Flashi izime. Flashi ndogo ya juu ya kamera yenye nguvu ya 12 (namba unayoigawanya kwa apecha kupata mita), kwa f/4 na ISO 100, hufika mita 3. Hata kwa ISO 1600 ni mita 12 tu, na alumini iliyong'arishwa ya Enola Gay itakurudishia doa jeupe.

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Blackbird ni nyeusi, hivyo kamera itaongeza mwanga na kuifanya ya kijivu. Bonyeza kile kitufe cha +/- ushuke hadi -1. Concorde ni nyeupe. Hapo panda +0.7 au +1, ukiangalia mng'ao wa taa usiunguze mgongo wa ndege. Discovery ina weusi na weupe bega kwa bega, kwa hiyo piga mbili tatu zenye mwanga tofauti. Zile rangi za njano zinatokana na kamera kukisia aina ya taa. Piga kwa RAW (faili ghafi ambayo kamera haijaipika), na mwanzoni kabisa piga karatasi nyeupe chini ya taa za humo; nyumbani utaitumia kusahihisha rangi za zote.

Panorama ya simu ukiwa karibu na bawa hulipinda kama upinde. Ukiwa mbali, juu, inasaidia.

Halafu, mdogo wangu, usiing'ang'anie ndege nzima kila mara. Pipa la injini ya Blackbird na ile koni iliyochongoka mdomoni mwake, matairi ya Discovery, safu za ribiti, mtoto aliyesimama chini ya pua ya Concorde: hizo 55 yako inaziweza vizuri, na ukubwa wa mashine unauhisi zaidi ukiona mtu kando yake. Piga na kibao cha maelezo cha kila ndege, usije ukachanganya majina.

Kuingia ni bure, wanafungua saa nne asubuhi. Uwepo mlangoni saa hiyo, kabla ya makundi ya shule. Na tazama chaja ya kamera: ikiandikwa 100–240V, utahitaji adapta ya pini bapa za kule tu, transfoma ya nini.