Nani alikuwa mlinzi bora katika historia ya UConn? Majibu kwa wasomaji

Tangu nilipoandika kwamba Emeka Okafor ndiye mlinzi bora, yaani mzuiaji bora wa wapinzani wasifunge, aliyewahi kuvaa jezi ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) kule Marekani, Ricky Moore akifuata na Hasheem Thabeet akiwa wa tatu, wasomaji wameniandikia kwa wingi na baadhi yao kwa hasira. Barua nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Thabeet ni kijana wa Dar es Salaam, na alikuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo anamochezea UConn, mara mbili, mwaka 2008 na 2009. Unawezaje kumweka wa tatu? Huoni fahari? (Msomaji wa Temeke)

Fahari ninayo. Kijana aliyeanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ndani ya miaka saba tu akawa ameitwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, wa 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mchezo, na Januari mwaka huo, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Timu ilifika nusu fainali ya taifa ndipo ikatolewa na Michigan State. Sijasahau hata moja kati ya hayo.

Lakini swali lililokuwa mezani halikuwa nani anatutia fahari. Lilikuwa nani alilinda vizuri zaidi, na hapo pasipoti haina kura. Okafor alikuwa na futi 6 na inchi 10, yaani inchi tano chini ya Thabeet, na ilimbidi afidie upungufu huo kwa akili na miguu. Alikuwa akisoma mkono na bega la mtupaji, akibaki chini hadi mpinzani wake anyanyuke kwanza, kisha yeye ndipo anaruka. Aliweza pia kutoka nje kumkabili mwenye mpira na kurudi chini ya kikapu kabla pasi haijafika. Thabeet akitolewa nje ya eneo lake alikuwa mzito kurudi, na makocha wapinzani walilijua hilo. Okafor alichaguliwa na chama cha makocha kuwa mlinzi bora wa taifa mwaka 2003 na tena 2004, na mwaka huo wa pili akatwaa ubingwa, akiwa na pointi 24 na ribaundi 15 katika fainali dhidi ya Georgia Tech.

Swali: Mbona humtaji Dikembe Mutombo? (Wasomaji sita, kutoka Bukavu hadi Mombasa)

Kwa sababu alichezea Georgetown, chuo kingine. Tafadhalini, kabla ya kuniandikia hakikisheni kwanza mchezaji alisoma chuo gani.

Swali: Okafor alizuia mitupo 441, Thabeet 417, na wote walicheza misimu mitatu. Tofauti ya mitupo 24 inatosha kuwatenganisha? (Msomaji wa Arusha)

Haitoshi, wala sikuitumia kuwatenganisha. Tatizo la swali hili ni lile ninalokutana nalo kila mwaka: watu wanafungua jedwali la takwimu, wanasoma safu ya mitupo iliyozuiwa, kisha wanafunga mjadala. Mtupo uliozuiwa ni tukio moja linaloonekana. Mpinzani aliyeingia ndani, akamwona mlinzi, akaghairi na kurudisha mpira nje haandikwi popote, na ulinzi mkubwa zaidi umo katika kughairi huko.

Chukua mchezo wa Machi 2024 kule Boston, UConn dhidi ya Illinois, wakiwania kwenda nusu fainali ya taifa. Matokeo yalikuwa 23 kwa 23. Kutoka hapo UConn walifunga pointi 30 mfululizo bila Illinois kupata hata moja, na wakashinda 77 kwa 52. Donovan Clingan, kijana wa futi 7 na inchi 2 aliyezaliwa na kukulia Connecticut kwenyewe, aliandikiwa mitupo mitano tu iliyozuiwa. Illinois walitupa mara 19 huku yeye akiwa amewafikia kwa mkono, na hawakufunga hata mara moja. Ukitazama mchezo huo tena, angalia wachezaji wa Illinois wanavyoingia kwa kasi, wanavyofika hatua mbili kutoka kikapuni, kisha mpira unavyoinuliwa juu mno kuliko kawaida ili umpite, unagonga ukingo wa mbele na kuanguka. Mitupo hiyo imeandikwa kuwa ni makosa ya watupaji, na jina la Clingan halimo.

Siku tisa baadaye, katika fainali dhidi ya Purdue, Zach Edey wa Purdue alifunga pointi 37. Aliyesoma takwimu peke yake atasema Clingan alishindwa. Ukweli ni kwamba kocha wa UConn, Dan Hurley, alikuwa ameamua Clingan amkabe Edey peke yake, bila msaada, ili wale wanne wengine wabaki wamewaganda watupaji wa nje. Purdue, timu iliyoishi kwa pointi tatu, ilitupa kutoka mbali mara saba tu na kufunga mara moja. UConn wakashinda 75 kwa 60. Mtu mmoja alikubali kufungwa mbele ya taifa zima ili timu ilinde, na mimi nauhesabu usiku huo miongoni mwa kazi bora za ulinzi katika historia ya chuo hicho, hata kama safu ya Clingan ya mitupo iliyozuiwa haina cha kujivunia.

Swali: Je, sifa hizi si za Jim Calhoun, kocha wa UConn enzi za Okafor na Thabeet, badala ya wachezaji? (Msomaji wa Kigali)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kati ya mwaka 2003 na 2009 tuzo ya mlinzi bora wa Big East ilikwenda kwa mchezaji wa UConn kila mwaka isipokuwa 2007: Okafor mara mbili, Josh Boone, Hilton Armstrong, kisha Thabeet mara mbili. Watu wanne tofauti kwenye nafasi ileile hawatokei kwa bahati. Calhoun aliwafundisha wachezaji wake wa pembeni kumkaba mwenye mpira kwa ukali na kumwelekeza ndani bila hofu ya kupitwa, kwa kuwa nyuma yao palikuwa na mtu. Kwa hiyo hesabu za warefu wote hao zina mchango wa wenzao wafupi ambao hakuna anayeniandikia kuwahusu.

Swali: Huyo Ricky Moore ni nani hadi awe juu ya Thabeet? (Wasomaji wengi mno)

Nashangaa kwamba mtu anaweza kubishana kuhusu ulinzi wa UConn bila kumjua. Moore alicheza kuanzia 1995 hadi 1999, na kazi yake ilikuwa kumkaba mtu hatari zaidi wa timu pinzani miongoni mwa wachezaji wa nje. Mwaka 1999, katika fainali iliyochezwa St. Petersburg, Florida, UConn walikutana na Duke iliyokuwa imeshinda michezo 37 na kupoteza mmoja, na iliyokuwa haijafungwa katika michezo 32 mfululizo. Moore alifunga pointi 13, ambazo kwake zilikuwa nyingi, lakini anakumbukwa kwa dakika ya mwisho.

UConn walikuwa mbele kwa pointi moja. Trajan Langdon wa Duke, aliyekwisha kufunga pointi 25, alipewa mpira, na kila mtu uwanjani alijua kwamba atatupa yeye. Moore hakuurukia mpira hata mara moja. Alibaki ameinama, magoti yamekunjwa, kifua chake kikimfuata Langdon kila anapogeuka. Langdon akadanganya kutupa, Moore hakunyanyuka. Akajizungusha, Moore alikuwa palepale. Miguu ikamzidi, na mwamuzi akapuliza filimbi: ametembea na mpira bila kuudunda, zikiwa zimebaki sekunde 5.4. Khalid El-Amin akafunga mitupo miwili ya adhabu, na Langdon alipoujaribu tena upande wa pili akaanguka kabla hajatupa. UConn 77, Duke 74, ubingwa wa kwanza wa timu ya wanaume ya chuo.

Mlinzi mrefu anayekosea husamehewa na mikono yake. Moore hakuwa na msamaha huo. Ndiyo maana nimemweka juu ya Thabeet, na nimesoma barua zote bila kuona hoja ya kunibadilisha.

Swali: Kwa nini watu wanaendelea kuonyesha ile video ya DeJuan Blair akimtupa Thabeet sakafuni? Si dharau? (Msomaji wa Zanzibar)

Wanaoionyesha ili kucheka wanakosea. Wanaoionyesha ili kujifunza wana haki, nami ni mmoja wao. Ilikuwa Februari 2009 kule Hartford, UConn wakiwa namba moja nchini Marekani. Blair wa Pittsburgh ana futi 6 na inchi 7. Walikuwa wakigombea ribaundi, mikono ikashikana, Blair akainama, na Thabeet akapita juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Usitazame anguko, tazama sekunde moja kabla yake. Thabeet amesimama wima, miguu karibu karibu, uzito wote uko mabegani. Blair yuko chini, ameketi kwenye nyonga zake. Katika kugombea nafasi, aliye chini humwondoa aliye juu, na urefu hausaidii kitu mpira ukiwa bado hewani. Hilo ni kosa la kufundishika, na kijana aliyeanza mchezo akiwa amechelewa hakupewa miaka ya kutosha ya kulisahihisha. Hata hivyo, msimu ulipoisha, wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, na hilo video haisemi.

Swali: Kama alikuwa mzuri hivyo, mbona alishindwa NBA? (Msomaji wa Nairobi)

Mjadala huu ni wa chuo.

Swali: Orodha yako haina mwanamke hata mmoja. (Msomaji wa Tanga)

Lawama hii naikubali. Breanna Stewart, aliyetwaa ubingwa katika kila mmoja wa misimu yake minne kuanzia 2013 hadi 2016, ndiye mchezaji wa kwanza wa chuo kufikisha mitupo 400 iliyozuiwa pamoja na pasi 400 za kufunga. Ukiziunganisha orodha mbili za chuo kimoja, Stewart anasimama na Okafor, na kila aliye chini yao anashuka nafasi moja, akiwemo Moore ninayemtetea.

Swali: Mwanangu ana miaka 15 na urefu wa mita 2. Kocha wake anamwambia asimame chini ya kikapu na kuinua mikono. Atakuwa kama Thabeet? (Mzazi wa Mwanza)

Mzazi mwenzangu, mwambie kocha aache. Jumamosi moja nilisimama kando ya kiwanja cha saruji hapa Dar es Salaam nikamwona kijana wa namna hiyo hiyo, mrefu kuliko wenzake wote kwa kichwa kizima. Kwa saa nzima hakuhamisha miguu zaidi ya hatua tatu. Kila aliyeingia alimrukia, akapewa faulo ya tatu mapema akaenda kukaa, na hakuna mtu mzima aliyemweleza kosa lake. Tunawapata warefu wachache, kisha tunawageuza nguzo.

Mwanao afundishwe kuteleza kwa upande akiwa ameinama, mchana na jioni, pamoja na wale wafupi. Amkabe mchezesha timu robo nzima ya mazoezi, apitwe, aaibike, arudi. Akatazwe kuruka kabla mtupaji hajaruka. Mikono itajifunza yenyewe baadaye. Na masomo asiyaache: Okafor alimaliza shahada yake ya fedha kwa miaka mitatu huku akicheza.

Swali: Sekunde tano zimebaki, uko mbele kwa pointi moja. Unawaweka nani uwanjani? (Msomaji wa Bujumbura)

Moore kwa mwenye mpira, Okafor chini ya kikapu, Clingan benchi kwa sababu watatupa kutoka mbali. Thabeet namweka mbele ya anayerusha mpira kutoka nje ya mstari, mikono juu, futi 7 na inchi 3. Kutoka hapo, hata pasi ya kwanza itabidi ipite juu ya mtu wa Dar es Salaam.