Kabla ya Kununua Vanila, Nunua Kahawa

Kuna dada wa Makambako kaniandikia wiki hii, ujumbe mrefu wa malalamiko. Alitaka kutengeneza kahawa baridi: kaloweka kahawa usiku kucha, kachuja, kaweka vanila, kaongeza karameli ya dukani, maziwa ya kopo, barafu, na mdalasini juu. Mumewe akaonja mara moja, akairudisha glasi mezani na kuuliza kama kuna chai. "Sasa dada, niongeze ladha gani nyingine?"

Usiongeze kitu, mdogo wangu. Nilimwomba anitumie picha ya kahawa yenyewe. Ikaja: kahawa ya unga, laini ya kupeperuka, imekaangwa mpaka ikaungua, pakiti imefunguliwa tangu Pasaka na kubanwa kwa mpira wa nywele. Hapo hata ungeagiza vanila yote ya Kagera, utakunywa mkaa uliopuliziwa manukato.

Nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ile ile ya kuuza kahawa baridi: friji dogo la kioo, chupa zenye lebo, jina lako limeandikwa vizuri kwa herufi za kupendeza. Na niseme ukweli, kuna sababu nyingine. Julai nimefanya jambo ambalo mpaka leo linanichekesha peke yangu jikoni, na wapo watu ningependa walisikie.

Ilikuwa kitchen party, huku huku Mbeya mjini. Mnaijua Julai ya Mbeya. Ukumbi umejaa wamama wa sare ya kitenge, juu ya sare kila mmoja kajitanda shuka au sweta, na mpishi kaandaa supu ya makongoro na chai ya tangawizi. Mama mzaa chema aliniagiza kahawa baridi kwa sababu binti mwenyewe aliitaka, lakini aliniambia wazi kwenye simu, "Lete kidogo tu mwanangu, itabaki." Nilipeleka ndoo tatu: ya iliki, ya kakao na ya ganda la chungwa. Zilikauka kabla mshereheshaji hajaita zawadi. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameanza kwa kuinusa kwa mashaka, alinifuata nyuma ya ukumbi na kikombe cha plastiki mkononi. "Hii ndiyo ile kahawa chungu ya wazee wa bao? Mbona haijawekwa sukari na inateremka?" Nikamwambia shikamoo, kisha nikamwambia ndiyo hiyo hiyo mama, imetoka Mbozi.

Sasa turudi nyuma. Nilipoanza, nilipeleka chupa zangu kwenye hoteli moja ya barabarani, sitaitaja. Meneja aliniacha nimsubiri mapokezi muda mrefu, akaja akaishika chupa, akaigeuza, akacheka mbele ya wahudumu. "Mama, Mbeya hii hii? Watu wanatetemeka, wewe unawaletea kahawa ya barafu?" Wahudumu nao wakacheka, unajua mfanyakazi lazima acheke bosi akicheka. Nikaacha sampuli, nikaambiwa nitapigiwa. Sikupigiwa. Nilipopita baadaye kuuliza, nikaikuta chupa yangu kwenye sinki la jikoni, lebo yangu bado ipo, ndani wametia sabuni ya kuoshea vyombo.

Lile la kukataliwa nilishalizoea, biashara ndivyo ilivyo. Ile sabuni ndiyo haijatoka moyoni. Na siku hizi hoteli hiyo hiyo ina kahawa baridi kwenye menyu, tena kwa bei ambayo mimi naiogopa kuitamka. Sijaenda kuionja. Nimemtuma mdogo wangu. Anasema ni kahawa ya kopo iliyokorogwa kwenye maji ya friji, na vanila nyingi juu yake. Ndiyo maana nasema vanila imekuwa kichaka cha kujificha.

Basi tuanze na kahawa yenyewe. Mimi nina bahati, shangazi yangu ana shamba Mbozi, ile Mbozi iliyokuwa Mbeya mpaka tukatenganishwa mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulipoanzishwa. Msimu huu wa kuchuma ndio wenyewe. Ukifika kwake unakuta kahawa ikikobolewa, inaogeshwa kwenye maji, na zile punje nyepesi zinazoelea zinaenguliwa pembeni. Nzito zinazama, zinakaushwa juu ya vichanja, zinaenda chama cha ushirika na baadaye mnadani. Zinazoelea ndizo zinazobaki nyumbani. Mkulima wa kahawa anauza iliyozama na kunywa iliyoelea, kama anakunywa kabisa, maana wengi asubuhi wanachemsha majani ya chai ya Rungwe au Mufindi. Nilimwambia shangazi, safari hii nipe iliyozama. Akaniangalia kama nimeomba mbegu ya mwakani, lakini akanipa.

Kama huna shangazi Mbozi, Mbinga au Rungwe, nunua punje nzima zilizokaangwa karibuni, kwa mtu anayekwambia alizikaanga lini. Asiyejua alikaanga lini, muage kwa heshima. Kahawa ya kusini ni arabika, ina uchachu mzuri na utamu kwa mbali, na ukiiunguza vyote hivyo vinakwisha, unabaki na uchungu. Kukaanga mwenyewe inawezekana, kikaango kizito na moto wa wastani, huachi kugeuza. Kwanza punje zinanuka majani mabichi, halafu zinageuka manjano na jikoni kunanukia mkate, halafu rangi ya kahawia inaingia na zinaanza kupasuka, ta, ta, ta, moja moja kisha nyingi kwa pamoja. Makapi yanaruka mpaka kwenye nywele. Mlio ukishatulia, subiri kidogo tu, mwaga kwenye ungo, pepeta upesi zipoe. Ukisubiri mpaka moshi mzito na mafuta yang'ae juu ya punje, umeshachelewa. Kisha ziache zipumue siku mbili tatu kabla ya kuzitumia, kwa sababu kahawa iliyotoka jikoni sasa hivi bado inatoa gesi na ladha yake haijatulia.

Kusaga: chenga. Narudia, chenga, siyo unga. Punje ya chenga iwe kubwa kuliko ya sukari ya kawaida. Kinu na mchi vinatosha ukitwanga kidogo kidogo. Unga unatoa uchungu mwingi, na tena haukubali kuchujika, unakuletea tope chini ya glasi. Dada yangu wa Makambako, nusu ya tatizo lako ni hapo.

Kipimo changu ni gramu 200 za kahawa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kama huna mzani, kikombe cha mililita 250 kilichojaa chenga kinakaribia gramu 80 hadi 90. Koroga mpaka chenga zote zilowe, maana zinapenda kuelea na kubaki kavu katikati, funika, kalale. Hapa Mbeya wakati wa baridi naacha juu ya meza saa 16 mpaka 18, wakati wa joto saa 12 zinatosha. Kwenye friji inachukua muda mrefu zaidi, unaweza kufika saa 24. Asubuhi chuja kwa chujio la chai kwanza, kisha kwa kitambaa safi cha pamba, na usikamue kitambaa. Najua mkono unawasha kukamua, tumezoea tui, lakini ukikamua unaita uchungu wote ulioukwepa usiku. Utapata kama mililita 600 tu, kwa sababu chenga zinabaki na maji karibu mara mbili ya uzito wake. Usishtuke. Hiyo ni kahawa nzito, ya kuzimua kwa maji au maziwa kiasi sawa na yenyewe.

Na hapa ndipo watu wanaponiuliza kwa nini tuhangaike usiku mzima wakati maji ya moto yanamaliza kazi kwa dakika chache. Maji baridi hayatoi kila kitu kilichomo kwenye kahawa. Uchachu mkali na sehemu ya uchungu vinabaki kwenye machicha, unachopata ni ule utamu wa chini. Ndiyo maana yule mama alidhani nimeweka kitu. Ila kafeini inatoka, tena ya kutosha, kwa hiyo watoto hapana, na wewe mwenyewe saa mbili usiku usijidanganye kwamba ni juisi.

Ladha sasa. Ninazotumia ni chache na zote zinaingia kwa staha.

Iliki naipenda kuliko zote: punje sita au nane, zigonge zipasuke, zitie pamoja na chenga tangu mwanzo. Basi. Karafuu ukiitamani, weka moja, ya pili itakufanya unywe dawa ya meno.

Kakao ndiyo iliyonipa jina, na tunayo hapa jirani Kyela, watu wanapita nayo barabarani kwenye magunia. Nunua mbegu zilizochachushwa na kukaushwa vizuri, zikaange taratibu mpaka ganda liachie, menya, twanga chengachenga. Kwa gramu 200 za kahawa natia gramu 30 za kakao, vinalowekwa pamoja. Wengi wanaogopa mafuta, lakini mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, na jiko langu usiku halijawahi kuota joto hilo. Yanabaki kwenye machicha, kinachotoka ni harufu. Kwenye ile kitchen party ndoo hii ndiyo iliyokauka ya kwanza.

Chungwa: ganda la nje tu, bila ule weupe, na liingie saa tatu za mwisho. Likilala humo usiku kucha linaharibu kila kitu. Na hiyo usiiwekee maziwa. Pasheni vivyo hivyo, uchachu wake unakata maziwa pale pale glasini mbele ya mgeni.

Tangawizi ina kisa chake. Ukiikwaruza mbichi ukaitia kwenye kahawa ya maziwa, maziwa yanaganda, kwa sababu tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoyagandisha. Ichemshe kwanza. Mimi naichemshia ndani ya shira: sukari kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, vipande vya tangawizi, dakika kumi, chuja, poza. Shira ndiyo sukari ya kinywaji baridi, sukari ya kawaida itazama chini na kukaa huko. Vanila yako nayo, kwa kuwa najua hutaiacha, tia matone kwenye shira baada ya kuiepua, siyo ikiwa jikoni, harufu yote inaondoka na mvuke. Maziwa yawe ya kuchemsha yaliyopoa, usiengue malai.

Kahawa isiyo na maziwa inakaa kwenye friji wiki moja. Yenye maziwa, leo na kesho.

Mnaniuliza sana kuhusu mashine. Kila wiki mtu ananitumia picha ya mtambo unaong'aa, anataka nimwambie kama aukopee kikoba. Ndugu zangu, mimi nina ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, kitambaa na mzani mdogo wa jikoni. Tumekaa juu ya kahawa. Mbozi iko pale, Ileje iko pale, Mbinga iko kule, na Mbimba hapo Mbozi kuna watafiti wa kahawa wanaotoa miche bora, na bado kijana wa Mbeya akitaka kuonekana wa kisasa anafungua kopo. Kahawa yetu nyingi inauzwa nje, wenzetu wanaiongezea thamani, halafu sisi tunanunua sirapu yao ya karameli ili tufanane nao. Mimi hilo linaniuma. Mtaniambia nahubiri, na ni kweli nahubiri, lakini nani mwingine atawaambia? Yule meneja?

Mwanzoni uza kidogo. Uza kwa majirani, uza kwenye vikao vya harusi, mpe mtu mmoja mmoja aonje kikombe kidogo bila kumweleza chochote. Asiyependa usimshawishi. Wamama wa kitchen party watakutangazia kuliko tangazo lolote, mimi tangu Julai simu haijapumzika.

Kwa dada wa Makambako: tupa ile pakiti, au imwage kwenye maua. Nunua nusu kilo ya punje, anza na iliki peke yake, na mumeo usimwambie umeweka nini. Makambako nako baridi mnaijua, kwa hiyo iache mezani saa 18 bila wasiwasi. Wa Kyela hiyo ya mezani haiwahusu, kwenu joto la ziwani linaweza kuichachusha. Wekeni kwenye friji tangu mwanzo, na umeme ukikatika usiku mzima msiniuzie watu hiyo.