Maswali na majibu: Nusu ya nini?

Kwenye sehemu kama 1/2, kiasi kinakaa juu au chini?
Juu. Asili iko chini. Swali hili linarudi kila mara kama deni la dukani, andikeni ukutani.

Mwanangu wa darasa la nne kaandika 1/2 + 1/4 = 2/6, kakoseshwa. Mbona kajumlisha vizuri?
Hakujumlisha vizuri, mzazi mwenzangu, na nashuku ni wewe uliyemwelekeza. 2/6 ni theluthi. Mtu ana nusu kibaba cha mchele, kaongezewa robo, kisha anajikuta na theluthi? Mwingine kaula nani? Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu humdanganyi hivyo gengeni. Asili ni jina la kipande: inakwambia kitu kizima kimegawanywa mara ngapi. Kiasi ndicho kinachohesabu vipande. Majina hayajumlishwi. Geuza nusu iwe robo mbili, ongeza moja, una robo tatu. Watoto wanakaririshwa KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, kabla hawajakata hata chungwa, halafu matokeo yakitoka tunashika vichwa.

Sehemu guni ni kosa? Mwanafunzi kaacha 7/4, kakatwa alama.
Si kosa. Kiasi kimezidi asili, basi umevuka kizima: robo saba ni kizima kimoja na robo tatu. Jina tu ndilo lina nuksi. Hata washairi huita guni shairi lililokosa vina na mizani. Swali likidai namba mchanganyiko, itoe. Lisipodai, alama irudi. Tena kwenye kuzidisha, guni ndiyo salama yako. Wengi wakiona 1½ × 2⅓ huzidisha moja kwa mbili, nusu kwa theluthi, wakatoka na 2⅙. Andika 3/2 × 7/3. Ni 7/2, yaani 3½. Tofauti si ya kufumbia macho.

Ndugu yetu wa kike kafariki, hana mtoto wala mzazi. Kwa mirathi ya Kiislamu, fungu la mume ni nusu, letu sisi dada zake wawili wa baba na mama mmoja ni theluthi mbili. Shekhe kampa mume 3/7. Katudhulumu?
Hapana, na hili ndilo swali la leo. Kwa asili ya 6, mume ana 3, nyinyi 4. Jumla 7! Mali iliyokatwa mafungu sita haitoi saba. Kwa Sunni, asili hupandishwa ikawa 7: mume 3/7, kila dada 2/7. Huitwa aul, na kila mmoja hupungukiwa kwa uwiano uleule, mume naye yumo. Ila mlisahau kuuliza: nusu ya nini? Gharama za maziko, madeni na wasia hutolewa kwanza, ndipo mafungu yapigwe kwenye kinachobaki. Anayegawa kabla ya kulipa madeni ya marehemu, huyo ndiye wa kumtilia shaka.

Asili yaweza kuwa 0?
Kiasi, ndiyo. Asili, kamwe.