Fiat 500: Injini Ipi Inakufaa?

Barua nyingi safari hii zinaulizia gari moja: Fiat 500, hii iliyozinduliwa Turin tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili tangu ile ya zamani itoke. Nimejibu za injini. Za rangi malizaneni wenyewe nyumbani.

Fundi, mimi ni mtu wa kazini na nyumbani tu, humu humu mjini. Nichukue injini ya lita 1.2, ya 1.4 au TwinAir, ile ya silinda mbili?

Chukua 1.2, usijisumbue. Ina silinda nne, valvu nane na nguvu farasi 69, haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini). Inatoka kwenye ukoo wa injini za Fiat ziitwazo FIRE ulioanza mwaka 1985, kwa hiyo fundi aliyezoea Fiat Panda au Punto haitamshinda. Ni nzito kuondoka: kufika kilomita 100 kwa saa inakula karibu sekunde 13. Lakini kwenye foleni nani anafika 100? Ukinunua iliyotumika, na muuzaji hana karatasi ya kuonyesha mkanda wa taimingi (unaoratibu valvu na pistoni) ulibadilishwa lini, badilisha kwanza ndipo uanze kutamba nayo.

Na kama kila wikiendi niko barabara kuu?

Basi 1.4 ya farasi 100. Ina gia sita na haihemi mlimani.

Nimeijaribu TwinAir. Inatetemeka na kunguruma kama pikipiki. Ni mbovu?

Siyo mbovu, ndivyo ilivyo. Ni cc 875, silinda mbili tu, na pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja. Kuna shafti ya kusawazisha, ila mtetemo hauishi wote. Pamoja na hayo, ilishinda tuzo ya kimataifa ya Injini ya Mwaka 2011, na kwa haki.

Ujanja wake uko kwenye valvu za kuingiza hewa. Kemshafti, yaani shafti ya kufungulia valvu, haizisukumi moja kwa moja. Katikati kuna oili yenye mgandamizo, na kompyuta ndiyo inayoamua valvu ifunguke kiasi gani na kwa muda gani. Ndiyo maana oili chafu, au isiyo ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, inaiumiza upesi kuliko injini ya kawaida. Ukikagua gari, chomoa kijiti cha oili kabla hujaangalia viti.

Kuhusu mafuta, lita 4 kwa kilomita 100 ni za kwenye makaratasi. Turbo yake inakushawishi ukanyage, na ukikanyaga inakunywa. Kitufe cha Eco hushusha msukumo wa injini kutoka nyutonimita (Nm) 145 hadi 100. Wengi hukibonyeza siku ya kwanza tu.

Yangu ni dizeli 1.3. Taa ya kichujio cha masizi haizimiki.

Safari zako ni fupi mno. Kichujio hakipati joto la kuunguza masizi. Ipeleke barabara kuu, uende mwendo mmoja kwa dakika ishirini hivi. Taa ikibaki, peleka kwa fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Na kama maisha yako yote ni mjini, tafuta ya petroli.

Haibridi ya 2020 inatembea kwa umeme mtupu?

Hapana. Ni petroli ya lita 1.0, silinda tatu, farasi 70, ikisaidiwa na mota ndogo ya volti 12 iliyofungwa kwa mkanda. Ukiwa chini ya kilomita 30 kwa saa, dashibodi inakuambia utoe gia. Injini inazima, gari linaserereka lenyewe. Unayoiwazia ni 500e, ambayo unaichomeka ukutani, na hiyo ni gari nyingine kabisa.