Kilengeo kimeota manyoya, niache?

SWALI: Nina miaka 63, mstaafu, naishi Nyegezi, Mwanza. Tangu ujana burudani yangu ni kulenga shabaha kwa bunduki. Siku hizi kilengeo cha mbele, kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, naona kama kimeota manyoya. Nikivaa miwani ya kusomea kinatulia kidogo, ila shabaha inapotea kabisa. Wanangu wanasema niache.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usiache kwanza. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na jicho haliwezi tena kuhama upesi kati ya karibu na mbali. Kinachotakiwa kuonekana wazi ni kilengeo. Shabaha ikififia kidogo si neno. Miwani ya kusomea ni ya umbali wa gazeti, ndiyo maana inakuangusha. Hakikisha bunduki haina risasi, ishike kama unalenga, mama watoto apime kwa futi kutoka jichoni hadi kilengeo. Kipimo hicho mpelekee mtaalamu wa miwani. Mara nyingi huongeza nguvu ya lenzi kidogo tu, kama +0.50, juu ya miwani yako ya mbali. Kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo nacho husafisha picha, na mimi ningeanza na hicho.

Ila usiku ukitazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani, unaziona zimezungukwa na duara la mwanga? Basi tangulia kliniki ya macho. Huenda ni mtoto wa jicho au presha ya macho, na hapo miwani haifui dafu.

Wanao waambie Oscar Swahn wa Uswidi alitwaa medali ya fedha ya kulenga shabaha, Olimpiki ya 1920, akiwa na miaka 72.