Kipimo cha moyo cha mzee kusoma 2,400
Dada uliyeuliza kuhusu mzee wako wa Mikindani, kwamba NT-proBNP, kile kipimo cha damu cha kuangalia moyo, imesoma 2,400 na jirani kakwambia ndo basi tena, hapana, usikate tamaa. Ile kitu moyo wenyewe ndo unaitoa kwenye damu ukizidiwa ukavutika, ikiwa chini ya 125 si rahisi iwe moyo kufeli, yaani kushindwa kusukuma damu vizuri, ikiwa juu sana kweli hatari inakuwa kubwa ila namba moja haisemi mtu ataishi mpaka lini. Umri nao unaipandisha, figo zikichoka inapanda zaidi, na mtu mnene inaweza kusoma ndogo kumbe anaumwa. Angalia inaelekea wapi, akimeza dawa miezi kadhaa ikashuka asilimia 30 au zaidi hiyo dalili nzuri kabisa. Waulize madaktari na kreatinini (ya figo), sodiamu (chumvi ya kwenye damu), na wingi wa damu (hemoglobini). Baba yangu hapa Lindi, naye moyo unamsumbua, tunampima uzito kila asubuhi akitoka chooni kabla ya chai, akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 tunaenda kliniki hatusubiri miguu ivimbe, na ng'onda tumeacha kumpikia maana chumvi yake ni nyingi mno.