Mtoto akigeuza uso, usimfuate

Walezi wapya, kuna kosa kila kundi jipya linaanza nalo, na linauma kulitazama kwa sababu anayelifanya ana mapenzi tele.

1. Kugeuza uso ni kusema. Mtoto wa miezi 3 anakutazama, anatabasamu, anarusha miguu, anatoa "aguu" yake. Mara anageuzia kichwa pembeni. Mlezi mgeni anaona mchezo umepoa: anahamia upande huo huo, anapaza sauti, anatikisa kayamba mbele ya macho yake. Mtoto anageukia upande wa pili, naye anafuatwa huko. Tazameni mikono sasa. Vidole vinatanuka, mgongo unapinda, kwikwi inaanza au miayo, paji la uso linakunjamana, kisha kilio. "Mbona sasa hivi alikuwa anacheka?" Alikuwa anacheka, kweli, halafu akaomba apumzike, tena mara mbili. Uso, sauti na kayamba kwa mfululizo vinamlemea. Akitazama pembeni anapunguza vinavyomwingia ili atulie. Basi nyamaza, weka kayamba chini, baki pale pale. Mara nyingi macho yanarudi yenyewe, na yakirudi, zamu ni yako. Yasiporudi, ametosheka.

Kunyamaza huko si kukausha uso, jamani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alilionyesha hilo tangu miaka ya 1970: mama akikaza uso bila kujibu, mtoto hutabasamu, hupiga kelele, hunyoosha mikono, na mwisho hukata tamaa na kugeuka. Uso wako ubaki laini.

2. Kichanga huona vizuri kwa sentimita 20 hadi 30, kwa hiyo usiongee naye ukiwa mlangoni.

3. Kilio cha njaa ni cha mwisho. Kabla yake analamba midomo, anatafuta ziwa kwa mdomo, anapeleka ngumi kinywani. Ukingoja alie, itabidi umtulize kwanza, maana anayelia kwa nguvu hashiki ziwa vizuri.

4. Ishara za mikono: anzeni na tatu, "maziwa", "zaidi" na "basi". Fanya ishara, taja neno, mpe kitu, yote kwa pamoja, kila mlo. Ukianza akiwa na miezi 6, usitegemee jibu mapema. Wengi hujibu kuanzia miezi 8 au zaidi, tena kwa ishara iliyopinda. Ipokeeni hivyo hivyo. Wengi wenu mnafundisha "zaidi" na kuiacha "basi", kisha mtoto anatupa kijiko na mnamwita mtukutu. Angekataa kwa njia gani nyingine?

5. "Aguu" si ushahidi kwamba anasikia, kwani hata watoto viziwi huitoa miezi ya mwanzo. Sikilizeni "ba-ba-ba". Akifika miezi 10 bila silabi hizo, apelekwe kupimwa masikio, hata kama hushtuka mlango ukibamizwa: mtikisiko ule anaweza kuuhisi mwilini.